Barua kutoka Mlali

Mlali, Mvomero

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na wadogo zako wote huko Ilula. Mimi mzima, ila jua la huku halina huruma. Uliniuliza tunafanya nini hasa kwenye mafunzo ya shambani, nikaona nikuandikie, maana na nyinyi mnaishi kwa nyanya.

Kazi yetu ni kukagua na kuhesabu. Asubuhi tunalipita shamba kwa zigizaga, tukifika kwenye mche tunageuza majani, kwa sababu nzi weupe wanaoleta rasta, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani, hukaa chini ya jani. Kisha shina, kisha matunda. Tusipokuta kitu tunaandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani: inamwambia mkulima kwamba leo asinunue dawa.

Kinachotusumbua zaidi ni kantangaze, yule nondo mdogo wa nyanya aliyetoka Amerika Kusini akaonekana Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake anakula akiwa ndani ya jani, kwa hiyo dawa ya kugusa haimpati. Wengi humchanganya na kidomozi, mdudu mwingine anayetoboa ndani ya majani. Kidomozi huchora mstari mwembamba unaopindapinda. Kantangaze huacha baka pana, na ukilinyanyua jani kwenye mwanga utaona kinyesi cheusi, mara nyingi na kiwavi mwenyewe. Nondo dume tunawanasa kwa mtego wenye harufu ya jike, hivyo tunajua wameingia mapema, matunda yakiwa bado mazima.

Kuna mzee alikuwa anapulizia dawa ya ukungu miche iliyokuwa inanyauka huku majani bado ya kijani. Tulikata kipande cha shina tukakining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Haikuchukua muda, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Mnyauko wa bakteria huo, na hauna dawa ya kupuliza. Mche unang'olewa na kuchomwa, na hapo panapandwa mahindi, si nyanya, biringanya wala viazi mviringo, kwa kuwa bakteria wanabaki udongoni. Iliniuma sana kuona hela ya mzee wa watu imeishia kwenye dawa isiyohusika.

Ndiyo maana nakuomba uzungumze na baba. Najua anapiga dawa kila wiki, wadudu wawepo wasiwepo. Wadudu wanaizoea dawa, na wale wanaotusaidia kuwala wanakufa. Akague kwanza. Nyanya zilizotobolewa zisitupwe pembeni mwa shamba, zifukieni chini kabisa. Na mnavu ulioota humo ung'oeni, kantangaze hujificha humo nyanya zikiisha.

Mkiona jani msilolielewa, nipigie picha pande zote mbili unitumie. Nitamwonyesha mwalimu wetu, kisha nikujibu.

Wako,
Mwenzio wa bweni