Mpangaji naye ni wa jumuiya, mgongeeni mlango

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nami nitoe langu.

Siku hizi ukikaa kijiweni, ukipanda daladala, popote pale utasikia watu wanasema jumuiya ndogondogo za sisi Wakatoliki, yaani majirani wachache wanaosali pamoja Jumamosi alfajiri, zimegeuka ofisi ya kukusanya hela, na kwamba ukifa hujalipa hawakuziki. Sikatai, na nitafika huko. Ila na mimi nina ya kwangu niliyoyaona na sipendi wanavyoyaacha nje kila wakiongea.

Mi nilikuja Dar 2013 kutoka Mbinga, kazi yangu ni kupiga tiles, nikapanga chumba kimoja huku Kimara kwenye nyumba ya wapangaji nane. Kwetu Umatengoni nilikulia ndani ya jumuiya, mama alikuwa ananiamsha kwenda sala mi nakasirika, kwahiyo nilivyofika mjini nikaona hapa sasa ndo nimepumzika, hakuna wa kuniamsha. Jumapili nilikuwa naenda misa ya kwanza nasimama nyuma karibu na mlango, ikiisha nishatoka, na kanisa lenyewe watu wamejaa mpaka nje kwenye maturubai, nani atajua kama fulani leo hajaja? Nikakaa hivyo miaka miwili. Nakwambia mhariri unaweza ukasali na watu elfu moja kila wiki na usiwe na hata mmoja wa kumpigia simu usiku homa ikikushika.

Kilichonitoa huko ni rozari ya mwezi wa kumi. Kwa wasiojua, Oktoba ni mwezi wa rozari, jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba kila jioni na sanamu ya Bikira Maria, leo inalala kwa huyu kesho inahamia kwa yule. Sasa mwenye nyumba wetu alikuwa Mkatoliki, ikafika zamu yake, mi natoka saiti nina vumbi la saruji mpaka kwenye kope, nakuta uani wamama wamejaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, njia ya kwenda chumbani kwangu imezibwa yote. Nikasimama na ndoo yangu ya vifaa. Mama mmoja akajisogeza, akapigapiga mkeka, akasema kaa hapa baba tumebakiza matendo mawili. Sio kwamba niliguswa na roho au nini, nilikaa kwa sababu sikuwa na pa kupita.

Walivyomaliza wakaniuliza jina, kwetu wapi, nakaa chumba gani. Jumamosi yake saa kumi na mbili alfajiri mlango ukagongwa.

Mwaka uliofuata nikateleza kwenye ngazi saiti, nikavunjika mguu, aliyenipa ile kazi akaacha kupokea simu na mpaka leo sijamuona. Nikafungwa hogo nikarudishwa chumbani, na hapo ndo nikajua jumuiya ni kitu gani. Wamama walipanga zamu wala hawakuniuliza, Jumatatu huyu Jumanne yule, uji asubuhi, mchana ugali na dagaa, mmoja akawa anakuja na kunifulia, nikaona aibu nikaficha boksa zangu chini ya godoro, akazivuta akasema mwanangu mimi nimelea wanaume watano, kuna nini hapa sijakiona. Mwenyekiti akaenda kuongea na mwenye nyumba anivumilie, kodi ya mwezi mmoja ikalipwa na mfuko wa jumuiya. Hiyo hela haikuanguka kutoka mbinguni, ni hiyohiyo michango mnayoilalamikia, buku buku za watu ambao wengine hata hawakuwa wananijua vizuri.

Afu nilivyotaka kuoa. Baba alishafariki, mjomba yuko Mbinga ni mzee hawezi safari ndefu, na mchumba wangu ni Mgogo wa Mpwapwa, sasa naenda kuposa na nani? Mshenga wangu akawa mzee mmoja wa jumuiya, Mhaya, na wamama wawili wakapanda basi kwa nauli zao. Ukweni wakashangaa, huyu Mhaya na nyie Wamatengo mmekutana wapi, mzee akawajibu huyu kijana tunasali nae Jumamosi, basi, na wale wakwe wakaelewa palepale maana hata kwao ni hivyohivyo.

Sasa nirudi kwenye lile la michango, maana wanaolalamika hawajatunga. Grupu letu la WhatsApp kuna wiki linakuwa orodha tupu, mara nyumba ya mapadre, mara jubilei, mara harambee, majina yamepangwa moja mpaka arobaini, aliyetoa ana tiki na asiyetoa jina lake limekaa uchi mbele ya watu wote. Mtu anafanya vibarua, wiki hajapata kitu, unadhani Jumamosi atakuja? Anajificha, anaambiwa amepoa kiimani, kumbe anakwepa orodha tu.

Na kuna jumuiya moja, jina silitaji, kijana mpangaji alifariki, ndugu zake wametoka mkoani hawajui hili wala lile, viongozi swali la kwanza kadi ya zaka iko wapi. Najua utaratibu una sababu zake, haiwezekani mtu asionekane miaka kumi afu siku ya msiba ndo familia ikumbuke padri. Lakini yule kijana alikaa mtaa ule miaka mitatu, je kuna aliyewahi kumgongea mlango akiwa hai hata siku moja? Mimi naona hilo ndo lilitakiwa liwe swali la kwanza.

Kwenye semina moja padri alitueleza kwamba hizi jumuiya zilipewa uzito na maaskofu wa huku kwetu Afrika Mashariki, walikaa Nairobi 1973 na wakarudi tena 1976, wakasema uhai wa Kanisa uwe huko chini kwa watu wachache wanaojuana, majirani wanaosoma neno pamoja na kusaidiana. Wanaojuana, mhariri. Sasa Dar hii watu wanahama kila kodi ikiisha, utajuana nao vipi ukisubiri waje wenyewe na barua ya utambulisho?

Kwahiyo ombi langu kwa viongozi wa jumuiya ni dogo, kila miezi mitatu pitieni nyumba za wapangaji, mwenye nyumba au mjumbe atawaambia nani kahamia, mkifika salimieni muulize kwetu wapi muondoke, daftari la michango mliache nyumbani siku hiyo. Na hizo orodha za majina kwenye simu zitoeni, mhazini ana daftari lake linatosha.

Sisi tumeanza, nyumba ya nyuma yetu kuna vijana wawili bodaboda wamehamia mwezi jana, mmoja katokea Sumbawanga, nimewaambia Jumamosi hii sala ni kwangu. Viti havitoshi, tumeazima sita kwa jirani yetu Mama Shabani, Muislamu, ye huwa anatupa kila mwaka na hata somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa jumuiya, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tukisherehekea Mei Mosi pilau anapika yeye maana wamama wetu wanaliunguza. Yule wa Sumbawanga kasema atakuja ila atachelewa kidogo, alfajiri ndo abiria wengi. Nimemwambia chai tutamuwekea.

Fundi tiles,
Kimara, Dar es Salaam