Kabla ya kuacha kazi au kurudi shule, tujue kinachotukera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie swali linaloulizwa mara kwa mara na watu walio kazini: mtu asiye na raha na kazi yake atafute kazi nyingine, au arudi masomoni? Kwa kawaida hujibiwa ama avumilie kwa kuwa ajira ni adimu, ama afuate moyo wake, na majibu yote mawili hutolewa kabla hajaulizwa ni kitu gani hasa kinachomkera. Nimekuwa afisa utumishi kwa miaka mingi, nikiwasaili wanaoingia na kuagana na wanaotoka, na maoni yangu ni kwamba shule hutibu tatizo la aina moja tu, yaani upungufu wa ujuzi au wa cheti kinachodaiwa na kazi unayoitaka.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake, waliokuwa wamewahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh nchini Marekani, walieleza kwamba mambo yanayomfanya mtu aichukie kazi si kinyume cha yale yanayomfanya aipende. Usimamizi mbaya, sera za mwajiri na mshahara huzaa manung'uniko, lakini vikirekebishwa huishia kuyanyamazisha tu. Ridhaa hutokana na kazi yenyewe, mafanikio, na kutambuliwa. Nadharia hiyo imekosolewa sana, na kwa haki, maana binadamu hupenda kujisifia mazuri na kuwatupia wengine mabaya. Hata hivyo mgawanyo wake una manufaa kwa anayesitasita. Anayeonewa na msimamizi wake, akienda kusoma shahada ya pili, atarudi katika soko la ajira akiwa na shahada hiyo na bila hakika yoyote kwamba msimamizi ajaye atakuwa na utu zaidi. Huyo alihitaji kuhama idara au mwajiri, pengine bila kugusa taaluma yake. Muuguzi anayewapenda wenzake lakini hatamani tena kuhudumia wagonjwa, akihamia hospitali nyingine, atakuwa amehama na tatizo lake, na kwake masomo yana maana.

Lipo pia kundi la tatu, ambalo naona husahauliwa na washauri wengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu uliokithiri wa kazini kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa vizuri, si ugonjwa, na likataja dalili zake: kuishiwa nguvu, kujitenga kifikra na kazi au kuidharau, na kushuka kwa ufanisi. Mtu aliye katika hali hiyo huona kila kazi ni mbaya. Kumpa fomu ya kujiunga na chuo, yenye mitihani na ada ndani yake, ni kumwongezea mzigo. Aombe likizo kwanza, apunguziwe majukumu ikiwezekana, kisha aamue akili ikiwa imetulia.

Kuhusu gharama, wengi hupiga hesabu ya ada peke yake. Kwa anayeacha kazi ili asome muda wote, mara nyingi fungu kubwa zaidi ni mshahara ambao hataupokea, pamoja na michango ya pensheni na uzoefu ambao wenzake wanaendelea kuupata. Ndiyo maana huwa nawashauri watu wasome matangazo ya kazi wanayoitamani, waone kama kweli yanadai shahada hiyo, na wazungumze na wanaoifanya kazi hiyo siku za kawaida, si na wanaoitangaza. Kozi fupi ya jioni au masomo ya masafa humwonyesha mtu mapema kama anapenda fani au anapenda tu wazo la kuwa mwanafunzi tena. Nimewasaili waombaji wenye shahada ambazo hakuna mwajiri aliyewadai, na ilikuwa vigumu hata kwao kueleza walizifuata za nini.

Sisemi watu wasibadilike. Mchumi Steven Levitt aliwaalika watu waliokwama kwenye maamuzi mazito warushe sarafu, na waliofanya mabadiliko makubwa walisema miezi sita baadaye kuwa wana furaha kuliko waliobaki walipokuwa. Walikuwa watu waliojitolea wenyewe, kwa hiyo tusiyavute matokeo hayo kupita kiasi, lakini yanatosha kumtia shaka anayedhani kuvumilia daima ndiyo busara. Utafiti mwingine wa mwaka 2005, ulioongozwa na Wendy Boswell, ulionyesha kwamba ridhaa ya mameneja hupanda wanapohamia kazi mpya, kisha hushuka tena. Anayehama ategemee mteremko huo, asije akauchukua kuwa ushahidi kwamba amekosea na kuhama tena kabla hajaizoea kazi mpya.

Ningefurahi, Mhariri, kama gazeti lako lingewaalika wasomaji waliorudi shule wakiwa watu wazima waandike walivyojigharamia na kazi walizopata baadaye, wakiwemo wale ambao masomo hayakuwafikisha walikotaka.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Afisa utumishi mstaafu