Mwanangu, hilo kaushio lako lilete mwaloni kwanza

Mwanangu, marahaba. Picha ulizotuma nimeziona zote, nimemwonyesha mpaka mama mkubwa wako akasema kumbe huyu mtoto tulivyokuwa tunaenda nae kuanika alikuwa anawaza. Nimefurahi sana tena sana. Hilo kaushio la dagaa mlilotengeneza na wenzako hapo chuoni, lenye paneli ya sola na kifeni, naliona lina kitu kabisa, na mkilipeleka MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nitafurahi maana tangu yaanze 2019 yamewatoa watu wengi, yanachukua watoto wa shule, vyuo, mpaka wabunifu wa mtaani ambao hawana cheti chochote.

Ila kabla hujakaa mbele ya majaji nataka ukae mbele yetu sisi. Majaji watakuuliza soko, sijui bajeti, sawa, jibu. Sisi tutakuuliza mvua ikinyesha kuanzia asubuhi mpaka jioni dagaa wanakauka na nini? Maana jua likiwepo hata chanja la kawaida linatutosha, siku moja tu dagaa wameshakauka. Shida yetu ni masika, dagaa wanalala wabichi wanaanza kunuka, kesho yake unauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa na mkopo wa kikundi unakusubiri. Hapo ndo tunahitaji kaushio. Alafu hizo trei nimeona mmeweka wavu wa chuma, mwanangu ule unashika kutu na dagaa wabichi wananasa, ukiwabandua wanakatika vichwa na mteja hataki dagaa waliokatika. Sisi tunatandika nyavu za nailoni kwenye chanja, jaribuni hivyo. Na trei moja inaingia sado ngapi? Mimi siku ya dagaa wengi naanika magunia, sio sahani.

Wala usione nakuvunja moyo. Yule Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, chujio lake la maji lilishinda ile tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Waingereza 2015, pauni 25,000, na uzuri wa lile chujio ni kwamba analirekebisha kulingana na maji ya mahali husika, kwenye madini ya floraidi anashughulika na floraidi. Kajua maji ya watu kwanza. Na vijana wa Makerere Uganda walioanza kile kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, Matibabu, walipata tuzo kwenye mashindano ya wanafunzi ya Imagine Cup 2013, lakini tuzo hiyo ya Waingereza Brian Gitta kaja kuichukua 2018, yaani miaka mitano wako na kitu kilekile wanakirekebisha. Ndo ninachokuombea mimi, msije mkapata cheti na picha na mheshimiwa alafu protaipu, yaani hilo la majaribio, ikaishia stoo ya chuo inaliwa na panya kisa mmehitimu kila mtu kashika njia yake.

Kingine, andikianeni mapema nani kafanya nini, na nani ana haki gani, hata kama ni marafiki. Na mambo ya hataza, ile haki ya kulinda uvumbuzi wenu, ulizeni BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla hamjaanika kila kitu hadharani, maana ukishawaonyesha watu wote namna kinavyofanya kazi inaweza kuwa ngumu kuja kukilinda baadae.

Kwa hiyo likizo njoo nalo, hata likiwa halijakamilika, mfungue vipande mpakie kwenye basi, nauli ya mzigo nitatuma mimi. Wenzako nao waje wawili watatu, watalala kwetu. Nimeshaongea na kina mama wa kikundi, wamekubali kutoa dagaa wabichi wa kujaribia, nusu mtaweka kwenye kaushio nusu tutaanika kwenye chanja, alafu tunawapeleka wote sokoni tuone mteja anachukua wepi.