Sarafu za Warumi zigeuzwe nyuma

Ndugu Mhariri, salaam. Mi nina ombi moja tu, mkiandika habari za sarafu za Roma ya kale msituwekee picha ya dhahabu yenye sura ya kaizari halafu basi. Dhahabu moja ilikuwa sawa na sesterti 100 (sesterti ni sarafu yao kubwa ya shaba), sasa mbeba mizigo wa bandarini angeishika lini? Yeye pesa yake ilikuwa shaba, na wakubwa walilijua hilo vizuri, ndo maana matangazo mengi yalipigwa huko huko kwenye shaba, upande wa nyuma.

Chukua sesterti ya kaizari Nerva ya mwaka 97 baada ya Kristo. Mbele kichwa chake, kawaida. Igeuze sasa: nyumbu wawili (wa punda na farasi, sio wale wa Serengeti) wanakula majani, kila mmoja kaangalia kwake, na nyuma yao mkokoteni umeinuka mikono juu, hauna kazi. Yaani watu wa Italia wamefutiwa mzigo wa kutoa wanyama na mikokoteni kwa ajili ya posta ya serikali, na hata asiyejua kusoma anaelewa, nyumbu wamepumzika bwana! Kwangu hiyo ni kali kuliko masanamu yote ya marumaru.

Kaizari Hadrian naye mwaka 118 akafuta madeni ya kodi sesterti milioni 900, nyaraka zikachomwa hadharani, na kwenye shaba yake unamwona mtumishi wa dola na mwenge anawasha lile lundo, kiasi chenyewe kimeandikwa hapo hapo wasije wakasahau nani kawasamehe.

Ila ni serikali inajisifia, tusidanganyike. Jerusalem ilipoanguka mikononi mwa Warumi mwaka 70, kaizari Vespasian mwaka uliofuata akatoa sesterti yenye mwanamke amekaa chini ya mtende, ameshika tama, na maneno kwamba Yudea, nchi ya Wayahudi, imetekwa. Huyo mama nani alimuuliza? Jibu lilikuja mwaka 132, Wayahudi walipoasi chini ya huyo huyo Hadrian msamehe madeni, wakachukua sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu wakazipiga chapa yao juu yake, mtende bila mama anayelia, jani la mzabibu, na kwenye baadhi sura ya kaizari bado inachungulia kwa chini.

Kwahiyo Mhariri, pande zote mbili tafadhali, na picha iwe kubwa, hizi za ukubwa wa stempu hatuoni kitu.

Msomaji wenu wa siku zote