Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi Zanzibar: mkague fundo, si idadi ya mapipa

Mheshimiwa Waziri,

MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, wako walionusurika kwa kushikilia magodoro. Tunakuomba ukaguzi wa meli usiishie kuhesabu mapipa meupe yenye maboya ya kuokolea watu, yale ya kujijaza upepo. Pipa lililofungwa vibaya huzama na meli.

Kosa baya zaidi liko kwenye kamba. Kamba itokayo ndani ya pipa hufungwa kwenye kitanzi dhaifu, mara nyingi chekundu, cha kifyatulio, yaani kifaa kinacholiachia pipa meli ikizama. Haifungwi kwenye chuma cha sitaha. Meli ikizama mita 1.5 hadi 4, uzito wa maji hufyatua kisu kilichomo ndani ya kifyatulio, mkanda ulioshika pipa unakatwa, pipa linaelea. Meli inavyozidi kushuka, kamba hunyooka na kulifyatua boya likajaa. Hapo kitanzi hukatika, boya likabaki juu. Kamba ikifungwa chumani, boya lililojaa huvutwa hadi chini mbele ya macho ya watu waliomo majini. Wapo pia wanaozungusha kamba ya ziada juu ya pipa lisitikisike wakati wa kusi. Kisu hakiifikii kamba hiyo.

Kifyatulio cha kawaida hubadilishwa kila miaka 2, na tarehe imeandikwa juu yake. Mkaguzi aisome. Ikiwa imefunikwa na rangi, meli isiondoke. Boya lenyewe hupelekwa kituoni kila miezi 12.

Mabaharia nao wapimwe kwa vitendo. Kamba ikishafungwa melini, pipa hutupwa upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, kamba ivutwe yote, mita 15 au zaidi, hadi ikaze, kisha ivutwe kwa kishindo. Wengi huacha njiani wakidhani boya ni bovu. Likijaa kifudifudi, chupa ya gesi igeuzwe demani. Mtu asimame juu ya chupa hiyo akitazama upepo, ashike mkanda ulio chini ya boya na kujilaza nyuma.

Kuhusu watoto hatuna subira. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani anapoingia majini. Kanuni za kimataifa zinataka majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya abiria, na kila mtoto aliyemo apate lake. Yahesabiwe gatini kabla ya kamba kufunguliwa, na wazazi waoneshwe namna ya kuyafunga.

Wako,
Mafundi wa vifaa vya uokozi baharini