Kwa wabeba taa na wavuta nyaya: neno la mzee wenu

Wanangu na wajukuu zangu mnaobeba stendi, mnaovuta nyaya, mnaoshika riflekta mpaka mabega yanakufa ganzi: shikamoo zenu huwa zinanifikia. Marahaba.

Wengine hamnijui. Nilianza kwa kurekodi harusi kwenye mikanda ya VHS, na taa moja ya kuunguza shavu la bibi harusi, kabla televisheni hazijaanza kurusha matangazo huku Bara mwaka 1994. Zilipoanza, wanamuziki nao wakataka kuonekana, nami nikahamia kwenye taa moja kwa moja. Sasa macho yamechoka, nimekaa nyumbani. Kazi zenu naziona kwenye simu ya mjukuu, hasa vile vipande mnavyorekodiana wakati wa kushuti.

Juzi nimeona kimoja. Kijana yuko pekupeku kwenye mchanga uliolowa, kashika stendi ya chuma, na nyuma yake waya umelala majini. Anacheka, anampungia mkono anayemrekodi. Usiku ule sikulala, na ndiyo sababu ya barua hii.

Miaka mingi nyuma tulikwenda kushuti video ufukweni, hapahapa Dar. Tulifika saa nne asubuhi, maji yamekupwa, mchanga mpana kama uwanja wa mpira. Jua la saa sita linatia vivuli machoni, kwa hiyo tulihitaji taa za kumjazia msanii uso. Jenereta niliiweka mimi mwenyewe, chini kabisa karibu na jukwaa, kwa sababu waya ulikuwa mfupi na nilikuwa mvivu wa kurudi garini kuchukua mwingine. Ilikuwa bamvua, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mimi ni mtoto wa pwani, najua bamvua: kati ya kupwa na kujaa maji hupanda zaidi ya mita tatu, na yakianza kurudi hayapigi hodi.

Kufika saa nane nikayaona yanalamba waya. Niliyaona, wanangu! Lakini msanii alikuwa amekolea, dairekta anapiga kelele "tena, tena", meneja anatazama saa. Nikajiambia, wakimaliza hii nitahamisha. Wakarudia mara mbili. Ya tatu, msaidizi wangu akaenda kushika stendi ili isianguke, umeme ukamrusha. Tulizima jenereta, tukambeba, Mungu akamrudisha. Hakukanyaga tena kwenye shughuli za taa, na sikuwa na uso wa kumwita.

Hakuna aliyenilaumu. Video ilitoka, ilipendwa. Lakini neno "zima" lilikuwa kinywani mwangu kwa robo saa nzima nikalimeza, eti nisimkate mtu stimu.

Sasa nawaomba mlitumie. Dairekta anatazama fremu, msanii anatazama mdomo wake usipishane na wimbo. Waya hakuna anayeutazama ila wewe. Ukiona maji, ukiona stendi haina mfuko wa mchanga na upepo umeanza kusukuma kitambaa, ukinusa plastiki inaungua, sema zima. Watanuna. Wacha wanune, watarudia pleibeki kutoka mwanzo, wimbo wenyewe ni dakika tatu.

Na mhesabu. Taa ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inakula karibu ampea 9. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Kwa hiyo mbili kwenye ekstensheni moja hazikai, hata kama jana zilikaa. Ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu, ifungue yote mpaka mwisho, hata kama unahitaji mita tano tu: ikibaki imejiviringa inajipasha moto yenyewe kwa ndani, na utajua imeyeyuka wakati umeshachelewa.

Wewe unayetunza memori kadi, neno lako ni fupi. Usifomati kitu mpaka nakala ziwe mbili, kwenye diski mbili, na umezifungua ukaona picha zinacheza.

Kuhusu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi asizidi saa 12 kwa siku, pamoja na za ziada. Nyie mnaitwa alfajiri, mnafungua mzigo saa saba usiku, halafu aliyeshinda juani siku nzima ndiye anayepewa usukani wa Noah iliyojaa vyuma. Wataniambia vibarua wa siku moja hawahesabiwi hivyo. Haya, basi angalau dereva awe mtu aliyelala mchana, na hilo mlipange kabla hamjapakia.

Pesa nimeiacha nyuma kwa makusudi, maana najua ndiyo mnayotaka kusikia. Mirabaha ya wimbo inawahusu wenye wimbo. Wimbo ukipigwa mpaka Kigali na Muscat, wewe uliyeshika taa chako ni ule ujira wa siku, basi. Kwa hiyo ujira huo uandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: siku ngapi, kiasi gani, nauli ya usiku ni ya nani. Nusu iingie kabla hamjapakia mzigo. "Tutakupa jina" nimeambiwa mara nyingi, na jina langu mpaka leo limeandikwa kwa makosa kwenye video mbili, kwingine kote halimo. Na chakula: wapambe wa msanii wasile kwanza mkabakizwa ukoko. Hilo linakera kuliko deni.

Yule kijana wa pekupeku, kama barua hii itakufikia, sikukusudia kukuaibisha. Nunua viatu vya soli ya mpira. Huna hela, njoo nyumbani, vyangu vipo na havina kazi.

Nasikia kuna kundi lenu linakwenda Kigamboni Jumamosi, jukwaa litafungwa asubuhi maji yakiwa yametoka. Mwezi mpevu ni Alhamisi.

Mzee wenu wa taa,
Dar es Salaam