Barua kwa mwanangu muuguzi: Msamaria hakuhamia nyumba ya wageni

Makete, Kwaresima

Mwanangu, mama yangu,

Tangu ulipokata simu Jumapili sijatulia. Ungelia ningelala. Hukulia, na hilo ndilo lililonitisha. Ulizungumza kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya stoo: mtoto wa kitanda cha pili alifariki saa kumi alfajiri, mama yake akapiga yowe, na wewe ukawaza tu kwamba ataamsha wodi nzima. Kisha ukaniuliza kama Mungu bado ana kazi na muuguzi wa namna hiyo.

Kwenye simu nilikujibu "omba, mwanangu", nikaona mwenyewe kwamba nimekupa Panadol kwa mguu uliovunjika. Ndiyo maana naandika.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Wewe ulikuwa hujaanza hata chekechea. Huku kwetu tulikuwa bado Mkoa wa Iringa, Njombe haijawa mkoa. Nilikuwa zahanati, na mara mbili kwa wiki nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaona waliolala. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hatukuwa nazo. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, na hata hapo hazikufika vijijini siku hiyo hiyo. Mkobani nilikuwa na Panadol, Septrin, dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, pakiti za chumvichumvi za kuharisha, na glovu nilizozihesabu kama mtunza hazina anavyohesabu sadaka. Mtu nimemwona Jumanne, Ijumaa nakuta turubai uani kwake. Nilizika wagonjwa, nikazika wauguzi wenzangu wawili, nikazika shangazi yako.

Sijui ni lini nilianza kusimama mlangoni. Zamani nilikuwa naingia, nakaa kitandani, namshika mgonjwa mkono. Siku moja nikajikuta naishia kizingitini, daftari mkononi: anakula? anaharisha? amemeza dawa? Naandika, naondoka. Kwenye taarifa ya mwezi nilikuwa muuguzi hodari sana.

Basi kulikuwa na bibi mmoja akimuuguza binti yake wa mwisho, wawili alishawazika. Aliniomba nimsaidie kumgeuza, mgongo umechubuka. Nikamjibu nina nyumba nne mbele yangu, awaite majirani. Majirani! Nilijua fika kwamba walishaacha kukanyaga pale. Bibi hakunigombeza. Alivuta kigoda akakiweka karibu na moto, akaopoa kiazi majivuni, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akaninyooshea. Akasema kwa Kikinga, nami nakutafsiria: "Muuguzi, wewe umemtangulia mwanangu kufa. Kaa ule."

Kilikuwa cha moto, nikawa nakihamisha mkono huu na huu. Upande mmoja ganda limeungua, chumvi hakuna. Nilikimaliza chote. Halafu, mama, nikasinzia pale pale nimeegemea ukuta wenye masizi, na zile nyumba nne zikasubiri. Nilipoamka bibi alikuwa ananitazama tu. Nikavaa glovu, tukamgeuza binti yake, mimi mabegani, yeye miguuni.

Mchungaji wetu akihubiri 1 Wafalme 19 hukimbilia ile sauti ndogo ya utulivu kule Horebu. Mimi kila mara hukwama kwenye mkate. Nabii Eliya amelala chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena, ndipo anatembea siku 40. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja mwisho wa safari, mtu ameshashiba na kulala.

Kwa hiyo Kwaresima hii usifunge. Najua akina mama wa kikundi chenu cha maombi wamekushauri ufunge siku tatu, na nia yao ni njema. Lakini mtu ambaye mlo wake ni chai ya rangi na andazi la jana saa tisa usiku ameshafunga bila kutangaza.

Ulinitajia lile jina la kitaalamu mlilofundishwa semina, "burnout". Kumbe Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililiweka kwenye orodha yake kama hali inayotokana na kazi, wala halikuiita ugonjwa: kuishiwa nguvu, kuiona kazi kwa mbali au kwa dharau, na kujiona hufanyi lolote la maana. Sisi tulisema "kukauka", na tulimsema mtu kisirisiri, kama vile ameiba. Nimefurahi kwamba wakubwa wamelitaja kazini, kwa sababu kwenye maungamo si mahali pake. Babu yako, unamkumbuka, alikuwa mgemaji (mzee wa kanisa na mgemaji wa ulanzi, pombe ya mianzi, tuyaache hayo). Masika alikuwa akienda kwenye mianzi asubuhi na jioni, anakata ncha kipande chembamba kama ukucha, ulanzi unadondoka kwenye chombo. Kiangazi mianzi haitoi hata uikate mpaka shinani. Sikuwahi kumsikia akiilaumu mianzi.

Kuhusu huruma yenyewe. Unadhani imekwisha kwa sababu huisikii. Mimi miaka ile niliifanya kwa mikono bila kuisikia, miezi mingi. Mwite mgonjwa kwa jina, siyo "kitanda cha pili". Mwambie mama ukweli umekaa, hata kama ni dakika moja, usimwambie umesimama ukiangalia saa. Ukishindwa hata hilo, mfunike mtoto miguu. Na yule mama aliyepiga yowe, kama atarudi kuchukua karatasi zake, mpe pole. Asiporudi, mtaje mbele za Mungu ulale.

Halafu kuna Msamaria wa Luka 10, yule aliyemwokota njiani mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Tunamsifu kwa mafuta, divai na punda, tunapita haraka mstari wa 35. Siku ya pili alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akamwambia amtunze yule mtu, akaendelea na safari yake. Hakuhamia pale. Alikabidhi zamu, mwanangu! Na alipokabidhi alisema atarudi, yaani hakumtupa mtu. Wewe unakabidhi ripoti saa moja na nusu asubuhi, kisha unawabeba wote thelathini mgongoni mpaka chumbani kwako Mbeya, unalala nao kitanda kimoja.

Mimi nilijifunza hivi: kazi ikiisha nanawa bombani, yale maji ya Makete unayajua yanavyouma vidole, na kwa kila niliyemwona siku hiyo nasema, "Bwana, huyu nakukabidhi." Kwa jina. Zipo siku ilikuwa maneno tu na nilifika nyumbani nikakufokea wewe kwa kumwaga uji. Unisamehe kwa huo uji.

Sasa ya duniani. Likizo yako ya siku 28 kwa mwaka ni haki ya kisheria, matroni hakufanyii hisani. Umeniambia miaka miwili hujachukua kwa sababu "watu hawatoshi". Hawatoshi kweli, na wewe kuanguka hakutawaongeza. Andika barua ya kuomba, nakala ubaki nayo. Ukikataliwa, usinyamaze ukaita kunyamaza huko uvumilivu wa Kikristo. Na nakuuliza kama mama na kama muuguzi: je, umefika pale pa Eliya, pa kutamani usiamke? Kama umefika, usinifiche, na kesho yake umwone daktari. Mchungaji umwone pia, lakini daktari kwanza.

Ukipata ruhusa, njoo kwa njia ya Isyonje upitie Kitulo, maua bado yapo na ukungu ukiinuka utayaona mpaka upeo. Sitakuuliza lolote siku mbili za kwanza. Utakula, utalala.

Nimekutumia kiroba cha viazi kwa gari la kesho, kondakta ana namba yako. Vile vidogo vya juu ni vya kuchoma, usivimenye. Umgawie na yule mwenzako wa zamu ya usiku. Ulisema naye siku hizi haongei.

Mama yako